Noti ya elfu tano na safari ya mwezini

Naandika nikiwa na hasira na miguu inauma, herufi zikiruka mnisamehe. Leo tena konda ametushusha Matugga, njiani kabla ya Bombo. Nimepanda mjini Kampala akiimba Bombo Bombo Bombo mpaka mishipa ya shingo imemtoka, nauli elfu sita kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha dakika kumi, nikalipa bila neno, mimi ni mtu mzima, fundi wa redio na TV, sibishani na vijana. Kufika Matugga akageuka akaona tumebaki wachache, "ssebo (bwana), gari inaishia hapa." Inaishia vipi na lami inaendelea? Bombo imehama?

Shati langu lilikuwa na mikunjo pia, umeme ulikatika tangu usiku, mnajua wenyewe.

Sasa kushushwa tumezoea. Ubaya ni kwamba konda alitakiwa kunirudishia elfu tatu za njia iliyobaki, na mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye yeye Matugga ndiyo kwake kihalali, alikuwa anadai chenji elfu mbili. Konda akatoa noti moja ya elfu tano akampa mzee, "mtagawana wenyewe", gari hiyoo. Yaani mimi na mtu nisiyemjua tumefungishwa ndoa katikati ya Matugga na cheti ni noti ya elfu tano. Mobile money sina hata mia, ningekuwa nayo ningepanda boda.

Mzee kumbe ni Afande mstaafu, amenyooka kama mlingoti, Kiswahili kile cha kambini, kila sentensi ni amri. Mama wa mobile money hana chenji. Duka la dawa hakuna, labda tununue. Kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, hata hakutuangalia usoni, "nunueni kwanza." Na mimi kwa uchungu mdomo ukaniponyoka nikasema banange, wenzetu wanaenda mwezini, sisi kufika Bombo tu ni mtihani.

Afande akasimama. Barabarani. Boda zinapiga honi.

"Kijana," akaniambia, mimi nina miaka 47, "serikali iweke pesa tupeleke Mganda mwezini."

Nikasema Afande, kwa heshima zote, kwenye zahanati ya kwetu unaenda na glavu zako. Akasema ndiyo maana. Ndiyo maana nini? Hakusema, akaanza na 1961. Gagarin wa Warusi akaenda angani tarehe 12 Aprili, na tarehe 25 Mei rais Kennedy keshasimama mbele ya Bunge la Marekani anaahidi mtu mwezini kabla muongo haujaisha. Wiki sita! Sisi transfoma ya mtaa ikiungua wiki sita ndiyo kwanza wanakuja kuiangalia. "Na unafikiri alikuwa anaupenda mwezi? Novemba 1962, uhuru wetu hata miezi miwili haujafika, alimwambia mkubwa wa NASA, shirika lao la anga, kikaoni, na sauti ilirekodiwa, kwamba mambo ya anga hayamshughulishi sana. Alitaka kumtangulia Mrusi, basi!"

Hapo nilinyamaza, maana Kennedy nilimwelewa vizuri kabisa. Kansala wetu, yaani diwani, alichimba kisima mwaka wa uchaguzi kwa sababu mpinzani wake alichimba kisima. Maji ya chumvi, ng'ombe mwenyewe anayakataa, lakini visima viwili tunavyo.

Tukaingia duka la nne. Afande anaeleza kwamba mwaka 1966 katika kila dola 100 za serikali ya Marekani NASA ilikuwa inachukua kama dola nne na kitu, siku hizi haifiki hata nusu dola, mwenye duka anaangalia noti kwenye mwanga kana kwamba tumeichapisha sisi, anasema hana.

"Sasa wakishafika?" nikauliza. Ndiyo akaja na hii ambayo mpaka sasa inanichemsha. 1969 wamekanyaga, Mrusi ameshindwa, wakati wa rais Nixon zikafutwa safari za Apollo 18, 19 na 20, Desemba 1972 wa mwisho wakarudi na tangu hapo hakuna mwingine aliyetia mguu huko kwa zaidi ya miaka 50. Bush baba mwaka 1989 akasema turudi mwezini halafu Mirihi, bunge likaona bei likakohoa. Bush mwana 2004, mwezini. Obama 2010, hapana, mwezini tulishafika, twende kwenye asteroidi, jiwe linalorandaranda huko. Trump 2017, mwezini!

"Afande," nikapiga kelele, "huyo ni konda! Bombo Bombo Bombo, ukishakaa, ssebo tunaishia Matugga!"

Hakucheka hata kidogo. Akasema angalau Wamarekani wanajua kugawana, ile roketi yao kubwa ya SLS ya kwenda mwezini, kiwiliwili chake kinaundwa Louisiana, injini zinajaribiwa Mississippi, roketi ndogo za pembeni zinatoka Utah, wakubwa wanakaa Alabama, na wajanja wa hukohuko wanaiita roketi ya Seneti, kwa sababu kila mheshimiwa amepata kipande cha kazi kwa watu wake. Mimi nikaona giza. Kwetu je? Wabunge zaidi ya 500, wilaya zaidi ya 130! Kila wilaya itataka kipande, wilaya mbili zitapigania mlango, na atatokea mmoja aombe wilaya mpya ili watu wake wapewe bawa. Na mkaguzi wa NASA yenyewe alisema mwaka 2022 kuirusha mara moja, pamoja na chombo cha abiria, ni dola bilioni 4.1, mimi nikapiga hesabu pale pale kwenye simu, shilingi trilioni kama 15. Bajeti yetu yote ya 2024/25 ilikuwa trilioni 72. Roketi tano, Uganda imekwisha, mwalimu hana mshahara na Afande hana pensheni. Nilipotaja pensheni akakohoa.

Akahamia kwenye setilaiti yetu ya kwanza. Hiyo sikatai, PearlAfricaSat-1, Novemba 2022, niliangalia kwenye simu nikasisimka kabisa. Vijana wetu watatu waliiunda Japani, sentimita 10 kila upande, kilo moja hivi, kama ile sukari ninayokopa, ikapanda roketi ya Wamarekani kule Virginia. Lifti! Akasema shauri ya uvivu, Ikweta inapita hapa Kayabwe, ukirushia Ikweta dunia yenyewe inakusukuma bure, Waitaliano walilijua hilo wakajenga jukwaa baharini karibu na Malindi, na 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Wamarekani inaitwa Uhuru. Uhuru, Kiswahili hiki hiki chetu, ndiyo ilipanda angani! Na sisi Ikweta yetu tunauzia fulana.

Nilikuwa nimeanza kukubali, nawaambia ukweli, nikageuka nikakuta Afande ameshaingia duka la tano, amenunua soda na gazeti, bila kuniuliza, kwa noti ya ndoa. Akarudi na chenji akanipa elfu mbili na mia tano.

"Afande, yangu ni elfu tatu."

"Hiyo mia tano ni mchango wako wa safari ya anga," akasema, akakunja gazeti kwapani, akaondoka kwa mwendo wa gwaride.

Taksi za Bombo pale Matugga ni elfu tatu. Za elfu mbili na mia tano zinapatikana steji ya mbele, nikatembea, na kufika nikakumbuka kapasita za TV ya jirani nimeziacha chini ya kiti cha yule konda. Jirani anapiga sasa hivi, mara ya tatu hii, na charji imebaki asilimia nne.