Kubadili diski bila kuzima seva: ugomvi halisi uko kwenye kuchomoa

Kuongeza diski kwenye seva inayofanya kazi hakuhitaji mabishano marefu. Viunganishi vya SATA na SAS, aina mbili za kawaida za kuunganisha diski, vimeundwa kwa kazi hiyo: baadhi ya pini za ardhi ni ndefu zaidi, hivyo hugusana kabla ya zile za umeme. SATA iwe katika hali ya AHCI (mpangilio wa kontrola unaoruhusu diski kuchomekwa mashine ikiwa hai), na diski iwe ya trei; ya M.2 iliyobana kwenye bodi usiiguse umeme ukiwapo. Isipoonekana kwa `lsblk`, amri ya Linux inayoorodhesha diski, tumia `echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan`, ukiweka namba ya kontrola husika badala ya 0.

Kuchomoa ndiko kunakogawa watu. Wanaotaka seva izimwe kwanza wanahofia mtu kuvuta diski isiyo na hitilafu akaiacha iliyo mbovu, na hofu hiyo ni ya haki. Jina ambalo Linux huipa diski, kama `sdb`, si la kudumu, wala haliambatani na mpangilio wa trei. RAID ni diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili moja ikifa data ibaki, na RAID 5 ambayo tayari imepoteza diski moja huanguka yote ukivuta ya pili. Lakini kuzima hakuzuii kosa hilo. Seva iliyozimwa haiwezi hata kukuonyesha trei, ilhali iliyo hai hukupa namba ya utambulisho kwa `smartctl -i /dev/sdb`, ukailinganisha na lebo, na kwenye mashine nyingi `ledctl locate=/dev/sdb` huwasha taa ya trei yenyewe.

Tena kuna diski zilizozunguka miaka bila kupumzika. Baadhi yake zikizimwa haziamki. Kuzima wakati RAID imebaki bila akiba ni kuchagua saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo iondoe ikiwa hai, ila kwa mpangilio. Kwa diski ya RAID, `mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1`, kisha `--remove`; kwa diski inayojitegemea, `umount`. Ndipo `echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete`. Vuta trei kidogo tu, ngoja nusu dakika sahani zisimame, halafu itoe. Ukiruka `--fail`, RAID hugundua pengo kwa makosa ya kusoma na kuandika, na programu zinaweza kukwama zikisubiri.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo haijibiwi vya kutosha: kuwasha upya ni jaribio la kuona kama seva itaamka. Diski mpya ikishajengwa upya data huwa salama, lakini GRUB, programu inayoanzisha mfumo, haijinakili yenyewe kwenye diski hiyo. Kwenye mashine inayoanza kwa BIOS, bila `grub-install /dev/sdb`, siku diski ya kwanza itakapokufa seva haitaamka ingawa data ipo. Vivyo hivyo kosa ndani ya `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa seva inapowaka, hulala miezi kadhaa. Likaguliwe mara moja kwa `findmnt --verify`, na diski itambulishwe kwa UUID, namba yake ya kipekee isiyobadilika kama `sdb`. Jaribio hilo lifanyike, ila baada ya `/proc/mdstat` kuonyesha ujenzi umekamilika, katika saa mliyoipanga wenyewe.