Wanaoililia Le Mans ya 1970 wana nusu ya haki

Kila Juni magari yakijipanga Le Mans, Ufaransa, kwa mbio za saa 24, mashabiki wa makamo huanza kilio chao: mbio hizi zilishakufa. Wapo wanaosema zilikufa 1990, Mulsanne, barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, ilipokatwa kwa kona mbili za kupunguza mwendo. Wengine huzizika mapema zaidi, 1972, injini zilipowekewa kikomo cha lita 3 na gari la mbio la Porsche 917, lenye injini kubwa kuliko hiyo, likafungiwa mlango.

Hawalii bure. Ile 917 ya Helmut Marko na Gijs van Lennep iliyoshinda 1971 ilikuwa na fremu ya magnesiamu na injini ya silinda 12 iliyopozwa kwa hewa, ikala kilomita 5,335. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2010. Tena kila kiwanda kilikuja na akili yake: Howmet ya Marekani ilileta gari lenye injini ya turbini, kama ya ndege, mwaka 1968, na 1991 Mazda ikashinda kwa injini ya rotari, isiyo na pistoni. Siku hizi, katika daraja la Hypercar, wasimamizi hupima magari kisha wakaliongezea hili uzito na kulipunguzia lile nguvu, ili yakaribiane. Aliyeunda gari bora anaadhibiwa kwa kosa gani? Bado sijasikia jibu la kuniridhisha.

Ila wanaosimulia enzi hizo huruka kurasa. Mwaka 1970 yalianza magari 51, yakaorodheshwa 7 tu kwenye matokeo, na mshindi alimwacha wa pili mizunguko mitano, zaidi ya kilomita 60. Mwaka 1983 Porsche 956 zilichukua nafasi tisa kati ya kumi za kwanza. Huo ni ushindani gani? Mwaka 2024, baada ya siku nzima, Ferrari iliishinda Toyota kwa sekunde 14, na magari tisa yalimaliza bila kuachwa hata mzunguko mmoja.

Halafu kuna makaburi. Mwaka 1955 Mercedes ya Pierre Levegh iliruka na kuangukia watazamaji; walikufa zaidi ya watu 80, na mbio zikaendelea mpaka mwisho. Magnesiamu niliyoisifu hapo juu ndiyo iliyowaka kwenye bodi la gari hilo. Miaka 14 baadaye madereva walikuwa bado wanakimbia kwa miguu kuyavamia magari yao, wengine wakiondoka bila kufunga mkanda. Jacky Ickx alitembea taratibu kupinga mchezo huo, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Mzunguko wa kwanza haukuisha kabla dereva mwenzake John Woolfe hajafa kwenye ajali ya 917 yake. Ickx ndiye aliyeshinda, kwa mita mia na kitu.

Kosa la wanaolilia zamani, naona, ni kufunga hatari na ubunifu katika furushi moja. Mkanda haukumzuia mhandisi yeyote kuwaza. Ushahidi ni Kundi C, daraja la magari ya mbio lililoanza 1982: kanuni zilibana kiasi cha mafuta, injini wakaachiwa wahandisi. Jaguar wakaja na silinda 12 za lita 7, Porsche na silinda 6 zenye turbo, ya kuisukumia injini hewa zaidi, Mazda na rotari yao. Lililoliua ni kanuni ya injini za lita 3.5, iliyopandisha gharama hadi ubingwa wa dunia ukasimama baada ya msimu wa 1992.

Kwa hiyo mimi ningedai Kundi C lirudi, 1970 ibaki kwenye picha. Lakini wasimamizi wa sasa wana hoja nzito: Ferrari ilirudi daraja la juu 2023, baada ya miaka 50, ikashinda papo hapo, na viwanda vingine vimepanga foleni. Kiwanda kikijua hakitaachwa mizunguko mitano mbele ya wateja wake, bodi yake husaini hundi. Ukiondoa kinga hiyo ya kusawazisha magari, sidhani nusu yao wangebaki.