Msafara Uende kwa Mwendo wa Pikipiki Ndogo

Nina hasira tangu Jumapili, na nataka niandike kabla haijapoa. Tulitoka Mombasa kwenda Malindi kwa pikipiki, safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Katikati ya njia, kijana wa Kisauni aliambiwa arudi nyumbani kwa sababu pikipiki yake ni ya boda, cc 150.

Alilipa mchango sawa na sisi sote. Helmeti anayo, jaketi ya kuakisi anayo, pikipiki kaiosha mpaka spoki zinang'aa. Bombolulu tulipita tukiwa pamoja. Tulipovuka daraja la Mtwapa na kujinasua kwenye msongamano wa pale mjini, wa mbele wakavuta mafuta, na Kikambala hatukuwaona tena.

Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, cheni yake ikachomoka. Ilikuwa imelegea, na kule kuwafukuzia wenzake kukaimaliza. Nikasimama naye. Tukafungua nati ya ekseli ya nyuma, tukalivuta gurudumu kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa kipimo kimoja, mpaka cheni ikabaki na mchezo wa kama vidole viwili. Mikono ikiwa bado na grisi nikampigia kiongozi wa msafara. Akajibu: "Mwambie arudi zake. Hizo si pikipiki za masafa." Simu ilikuwa kwenye spika, kijana akayasikia yote. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia, "Kaka, wewe nenda. Usikose chakula kwa ajili yangu."

Si za masafa! Pikipiki inayoamka alfajiri kupeleka wafanyakazi hotelini, mchana inabeba magunia ya nazi, usiku wa manane inaamshwa kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Kwa wiki moja inakula kilomita ambazo nyingi ya zile kubwa hazifikishi kwa mwezi. Mwenyewe aliacha kazi ya siku nzima ili aende kuiona pwani yake na watu aliodhani ni wenzake.

Wanaoniambia niwe na subira kwa sababu "ndivyo misafara ilivyo" hawajawahi kukaa mkiani. Wa mbele akienda 80, wa nyuma haendi 80. Kila tuta, kila lori la saruji, kila matatu inayochomoka steji bila ishara, huwakata wa nyuma wakabaki mbali, na ili wafikie tena lazima wapande 100, 110. Mwenye injini kubwa anaupata mwendo huo bila shida na ana breki za kumrudisha. Mwenye cc 150 anavuta mpaka mwisho wa waya, injini inalia, anaovateki mahali asipopaona mbele, na breki yake ya nyuma ni ya dramu. Ukimweka nyuma umempa kazi ngumu kuliko wote na chombo dhaifu kuliko vyote. Akianguka, itasemwa vijana wa boda hawajui kuendesha.

Dawa yake inajulikana na haina gharama. Pikipiki ndogo ikae ya pili, nyuma tu ya kiongozi, aione kwenye kioo wakati wote na apime mwendo wake kwayo. Mkiani akae mzoefu mwenye spana, kiungo cha akiba cha cheni na vifaa vya pancha. Kwenye kila njia panda asiondoke mtu mpaka taa ya wa mwisho ionekane.

Na upepo je? Huu ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Ukienda Malindi inakusukuma mgongoni, hata pikipiki ndogo inajiona kubwa. Jioni mkirudi, kusi hiyo hiyo iko usoni, na iliyokwenda 85 asubuhi inahangaika kufika 70. Juu ya daraja la Kilifi, pale juu ya mkono wa bahari pasipo na mti wala nyumba ya kukukinga, inakupiga ubavuni na pikipiki nyepesi inasogezwa upande. Hapo ndipo kiongozi anapopaswa kupunguza mwendo na kugeuka kuwaangalia watu wake.

Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, Kilifi ilivukwa kwa feri. Lori, baiskeli, mama na kuku wake, wote walingoja chombo kimoja. Leo barabara haimlazimishi mtu kumngoja mwenzake, basi tujilazimishe sisi.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwenye injini kubwa akienda polepole mikono yake inachoka. Nakubali pia kwamba kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke lami imenyooka na inamvuta mtu. Lakini nyani wanakaa kando ya lami hiyo, na watoto wanaivuka na madumu ya maji. Mwenye kiu ya kasi aondoke mapema peke yake, atungoje Gede, atembee kwenye magofu ya mawe ya matumbawe mpaka tufike.

Mimi na yule kijana tuliendelea. Kwa mwendo wa 70 niliuona mkonge ukipita mstari kwa mstari, nikasikia harufu ya bahari kabla ya kuiona. Kilifi tulinunua korosho, tukala viazi karai na ukwaju wima kando ya pikipiki. Malindi tulipofika wenzetu wameshakula na wanalipa. Hakuna aliyeuliza cheni ilikuwaje.

Helmeti iliyovaliwa kiwikoni nayo iishe. Na wanaosema safari ijayo twende Diani, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu imefunguka na hatuna feri ya kungoja: sawa, ila kwa kanuni hizi hizi.

Kiongozi wetu najua utasoma hapa. Mpigie yule kijana umwombe radhi, na umwombe mbele ya wote, kwa sababu ulimfukuza mimi nikisikia. Safari ijayo mpe nafasi ya pili nyuma yako. Ukiona hayo ni mazito, nirudishieni mchango wangu, nitatoka na vijana wa steji ya Kisauni, na mkiani nitakaa mimi.