Watatu mbele, wanane nyuma: woga au hesabu?

Atlanta, usiku wa Januari 8, 2018. Fainali ya futiboli ya vyuo vikuu Marekani imeingia muda wa nyongeza na Georgia wanaongoza Alabama 23-20. Kwotabeki wa Alabama (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeingizwa baada ya mapumziko, ameng'ang'ania mpira mpaka akaangushwa yadi 16 nyuma. Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Alabama sasa wanahitaji yadi 26 na wamebakiwa na majaribio matatu.

Georgia wakarudi nyuma. Mabeki wawili wa mwisho wakagawana uwanja nusu kwa nusu, kila mmoja na upande wake. Tagovailoa akapokea mpira, akageuza uso upande mwingine, beki akayafuata macho yake kwa hatua mbili tatu, kisha mpira ukarushwa kushoto. Mpokeaji wa Alabama, DeVonta Smith, akaudaka akiwa peke yake. Yadi 41, tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa mpinzani, alama sita), 26-23, ubingwa umekwenda Alabama.

Tangu hapo, kila timu inapopeleka watu wachache kumvamia kwotabeki na kuwarundika wengine nyuma, kuna mtu atalikumbusha pigo lile. Hoja yake inaeleweka. Kwotabeki akipewa muda, hakuna beki duniani anayeweza kumganda mpokeaji sekunde sita. Wenzetu wa soka wangesema timu imepaki basi, na aliyepaki basi akifungwa dakika ya mwisho hana wa kumlilia.

Lakini tuhesabu. Kila upande una wachezaji 11. Wanaoshambulia wana watano wa kumkinga kwotabeki na watano wanaoruhusiwa kupokea pasi. Ukipeleka walinzi sita mbele, unabaki na watano nyuma: mtu kwa mtu, bila msaada. Mmoja akiteleza, ni tachidauni. Ukipeleka watatu, una wanane wa kuwalinda watano. Kwotabeki atapata muda, sawa, lakini atarusha wapi?

Na uwanja wa vyuo unampa shida mlinzi kuliko ule wa kulipwa. Mistari miwili ya katikati inayoamua mpira uwekwe wapi imeachana futi 40. Kwenye NFL, ligi hiyo ya kulipwa, ni futi 18 na nusu tu. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kulia, upande wa kulia unabaki na futi 60 na wa kushoto unabaki na futi 100. Kocha wa ushambuliaji mwenye akili atampeleka mkimbiaji wake hodari kwenye zile futi 100, akakabane na mlinzi mmoja kama watu wawili waliokutana jangwani. Juu ya hapo, sheria za vyuo zinawaruhusu wakingaji kusonga yadi tatu mbele kabla pasi haijarushwa, wakati NFL ni yadi moja. Mlinzi wa kati anawaona wakingaji wakimjia, anaamini mpira unakimbizwa, anapanda, na nyuma yake pasi inapita kwenye nafasi aliyoiacha. Hakukosea kusoma. Alichosoma kilikuwa uongo ulioruhusiwa na sheria.

Ndiyo maana jibu lilitoka Iowa State, mahali ambapo wengi hawakutarajia. Chuo hicho hakipati vijana wakubwa wanaogombaniwa na Alabama na Georgia. Mwaka 2017 kocha wa ulinzi Jon Heacock alipanga watatu mbele na mabeki watatu wa mwisho, mmoja wao akisimama katikati kabisa, mbali, kama mtu asiyehusika. Mpira ukianza, huyo wa katikati ndiye fumbo: anaweza kushuka kuzuia mkimbiaji, anaweza kubaki, anaweza kukimbilia pembeni. Oktoba mwaka huo walikwenda Norman, nyumbani kwa Oklahoma iliyoshika nafasi ya tatu nchini, wakashinda 38-31. Kwotabeki aliyefungwa siku hiyo, Baker Mayfield, ndiye aliyechukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwisho wa msimu. Kweli, alama 31 si ukuta. Ila katika ligi ile ya mbio na pasi ndefu, kumlazimisha mpinzani asogee kidogo kidogo, jaribio kwa jaribio, mpaka akosee, ni ushindi wa aina yake. Baada ya hapo makocha wengi waliuiga mfumo huo.

Upande wa pili una shahidi wake, na ni mzito. Januari 2019 Clemson waliwachapa Alabama 44-16. Mapema kabisa A.J. Terrell aliinasa pasi ya Tagovailoa, huyo huyo, akakimbia nayo yadi 44 hadi mwisho. Brent Venables, kocha wa ulinzi wa Clemson, alisifiwa kwa uvamizi wake wa kuzuga: unawaona sita wamejipanga kuja, wanakuja wanne, na si wale uliodhani. Jambo linalosahaulika ni kwamba wawili kati ya wale waliosimama mstari wa mbele, Christian Wilkins na Clelin Ferrell, walichaguliwa na timu za NFL katika raundi ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya miezi michache baadaye. Ukiwa na watu wa namna hiyo, wanne wanatosha kumtia kwotabeki kiwewe. Iowa State wangewapata wapi?

Mwaka mmoja baadaye, New Orleans, Venables alimkuta Joe Burrow, kwotabeki wa LSU. Mwanzo Burrow alibabaika na Clemson wakaongoza 17-7. Kisha akazisoma mbinu za Venables kama kitabu. Terrell, shujaa wa mwaka uliotangulia, aliachwa mara kwa mara akabane na mpokeaji Ja'Marr Chase mtu kwa mtu, na Chase akamaliza na yadi 221. LSU 42, Clemson 25. Mbinu na kocha walikuwa wale wale, na beki pia. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akizugwa aliacha kuzugika.

Kwa hiyo mimi sioni kama ugomvi wa watatu au sita ndio ugomvi wenyewe. Timu inayotuma watatu kila mara inajulikana, na inayotuma sita kila mara inajulikana vilevile. Kwotabeki mzuri hadhuriki sana na idadi kama anaijua kabla mpira haujaanza. Heacock na Venables, ukiwatazama kwa karibu, wanauza bidhaa moja kwenye maduka mawili: sekunde moja ya shaka.

Sekunde hiyo inazidi kuwa ghali. Tangu 2024 vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa redio kwenye kofia, mchezaji mmoja kila upande, inayozimwa saa inayohesabu muda wa kuanza kila jaribio ikibakiza sekunde 15. Zamani maelekezo yalipitia ishara za mikono na mabango ya picha pembeni mwa uwanja, na kila upande ulikuwa na watu wa kuyakodolea macho. Sasa kocha wa ulinzi anamnong'oneza mlinzi wake moja kwa moja. Lakini zile sekunde 15 za mwisho ni za ukimya, na hapo ndipo mshambuliaji anapobadilisha mpango na mlinzi anabaki na akili yake mwenyewe.

Turudi Atlanta. Ningekuwa upande wa Georgia usiku ule, kwa yadi 26, ningerudi nyuma vilevile. Ila katika mpango ule beki wa pembeni ana kazi ya kumgonga mpokeaji anapoondoka, amcheleweshe, ili mwenzake wa nyuma awahi kufika. Smith alipita bila kusumbuliwa vya kutosha, na beki wa nyuma alikuwa bado anayatazama macho ya Tagovailoa.