Makombora Yaliyoondoka Sikuyalilia

Kwenye feri ya Likoni, ukigeuza uso upande wa Mtongwe, huenda ukaziona meli za kijivu za jeshi la wanamaji. Hapo hakosi abiria wa kuuliza: "Hizi zina makombora?" Siku hizi mimi hujibu kwamba mbili kati yake zilikuwa nayo.

Ndizo KNS Nyayo na KNS Umoja (KNS ni kifupi cha meli ya jeshi la wanamaji la Kenya), zilizoundwa Uingereza na kampuni ya Vosper Thornycroft miaka ya 1980. Ni meli fupi, mita 57 hivi, zilizosifika kwa mbio za noti 40, yaani maili 40 za baharini kwa saa, na makombora manne ya Otomat kila moja. Zikapelekwa La Spezia, Italia, kukarabatiwa, na mwaka 2011 zikarudi Mombasa bila makombora. Wapo walionung'unika kwamba tumeng'olewa meno. Mimi naona tulipunguziwa mzigo.

Kumbuka mwaka wenyewe. Maharamia wa Kisomali walikuwa wakiteka meli mamia ya maili kutoka pwani. Kombora kama lile lilitengenezwa kuzamisha manowari; utampigia nani? Boti ya fiberi yenye vijana sita na ngazi? Na kombora halikai ghalani kama nanga. Baruti yake huzeeka, vifaa vyake vya elektroniki hutaka kupimwa kila mara, na muda wake ukiisha unalipa tena.

Mbio nazo zina bei yake. Kwa kukadiria, nguvu inayotakiwa kusukuma meli hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka kutoka noti 15 hadi 30, hutafuti injini mara mbili, unatafuta nguvu mara nane. Ndiyo maana korveti (manowari ndogo) ya Visby ya Uswidi ina mitambo ya aina mbili: dizeli za kutembelea, na tabaini za gesi, jamaa ya injini za ndege, za kukimbilia kupita noti 35. Visby ni kazi ya ustadi, sikatai. Mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, umekatwa pembe-pembe ili mawimbi ya rada yarukie kando. Lakini ilibuniwa kwa Bahari ya Baltiki, yenye visiwa vya kujificha na adui aliye karibu. Ilete kwetu kulinda maili 200 za bahari wazi, mafuta yake yatakwisha kabla hujamkamata mvuvi haramu mmoja.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama HMS Trent, meli ya doria ya Waingereza. Ina urefu wa mita 90, uzito wa tani 2,000 hivi, na mzinga wake mkubwa ni wa milimita 30 tu. Wapenzi wa manowari huicheka. Lakini ndiyo iliyokamata kokeini katika Karibiani, na Desemba 2023 ndiyo iliyotumwa Guyana wakati Venezuela ilipokuwa ikitishia. Ndugu zake, Tamar na Spey, zilitoka Portsmouth mwaka 2021 kwenda Pasifiki kukaa miaka. Trent ina sitaha ya helikopta, boti za kushusha, nafasi ya askari 50, na masafa ya kupita maili 5,000. Kazi ya doria hufanywa na boti inayomfikia mshukiwa na askari anayepanda jahazi lake. Meli kubwa ni mama wa kuwabeba.

Ila hata kushusha boti si mchezo kusi linapochacha. Hapo umbo lina maana kuliko silaha. Meli mpya za doria za Afrika Kusini, kama SAS King Sekhukhune I iliyokabidhiwa 2022 na karakana ya Damen ya Cape Town, zina omo, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama wima kama shoka, ndefu na nyembamba. Haipandi wimbi ikaanguka kwa kishindo, hulipasua. Baharia asiyetapika usiku kucha ndiye anayeweza kupanda jahazi la watu alfajiri. Ni mita 62 tu, na kwa macho yangu ni meli ya akili kuliko nyingi zenye makombora.

Sisemi korveti hazina pahala. Oman ina tatu za aina ya Khareef, zilizoundwa Portsmouth, za mita 99, zenye mzinga wa milimita 76, makombora ya Exocet ya kuzamisha meli na mengine ya kutungulia ndege. (Khareef ni msimu wa mvua wa Dhofar, kusini mwa Oman, unaoletwa na upepo huohuo wetu wa kusi.) Mwenye nyumba kwenye mlango-bahari wa Hormuz, njia ya meli za mafuta, ana sababu zake.

Sisi tuna KNS Jasiri, mita 85, iliyotoka karakana ya Gondán, Hispania. Mkataba ulitiwa saini 2003, meli ikafika Mombasa 2012 baada ya mivutano ya malipo. Miaka tisa! Hilo ndilo ningependa abiria wa feri aliulizie, kabla ya makombora.