Mnunuzi Yuko Njiani, Diski Ipo Asilimia Mbili

Jamani, siku hizi hata kuuza kompyuta chakavu kunataka shahada. Bei tumeshaelewana, mnunuzi yuko njiani, nami kama mtu mzima mwenye heshima zangu nimetupa faili zote pipani, pipa nikalimwaga, nikafomati juu yake. Nikakunja nne kusubiri sifa.

Akatokea shemeji. Kila ukoo una mmoja anayejua kompyuta. Hata kuketi hakuketi.

“Shem, umefomati ile ya haraka?”

Kumbe ziko za aina mbili! Eti ya haraka inang’oa kibao cha mlangoni tu, mpangaji bado amelala ndani. Akaweka kiprogramu cha bure, na faili zikaanza kufufuka mbele ya familia nzima. Ikaja CV inayosema nazungumza Kifaransa. Mke wangu akaguna. Ikaja barua ya kuomba ruhusa kazini. Shemeji, kwa kuwa hana adabu, akaisoma kwa sauti: “Nasikitika kukujulisha kuwa nimefiwa na mama mkwe…”

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi, akaweka glasi chini taratibu.

“Nilizikwa lini, mwanangu?”

Nikasema hiyo ni data iliyoharibika. Hakuna aliyenijibu.

Sasa shemeji kaamua diski iandikwe upya, juu ya yaliyomo, mara 35, kwa sababu mwaka 1996 Peter Gutmann, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, alipendekeza hivyo. Gutmann huyohuyo alishasema baadaye kuwa kwa diski za kisasa mara zote hizo ni kazi bure! Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, nao wa mwaka 2014 ulisema kwa diski ya kuzunguka, kuandika juu yake mara moja kwa kawaida kunatosha. Nimwambie nani? Ingekuwa SSD, ile diski isiyozunguka, ndiyo balaa zaidi: unaandika juu, yenyewe inakuhamishia pembeni, ya zamani yanabaki usikoyaona, mpaka uipe amri yake maalumu ya kujifuta.

Na usicheke. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, chuo cha Marekani, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 za mitumba. Nzima zilikuwa 129. Zilizofutwa sawasawa, 12. Wengine wote wameuza na barua zao za misiba humohumo.

Asilimia mbili. Mstari hausogei. Nimetaja nyundo, nikaambiwa mnunuzi anataka kompyuta na diski yake. Kweli mtu utauza nini duniani kwa amani?

Simu hiyo. “Bosi, chaja ipo?”

Chaja! Iko kwenye ile droo. Nimevuta waya mmoja, limekuja furushi zima, pamoja na rimoti ya televisheni tuliyokwisha kuigawa. Ina betri. Mpya! Na saa ya ukutani imesimama tangu lini sijui, kila siku naambiwa betri hakuna humu ndani, sasa nataka nijue nani alizitia humu.