Kalamu ya Kijani

Nafunza tuisheni ya hesabu nyumbani, hapa Kisauni, Mombasa. Mwanafunzi akinifanyia jaribio la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Karatasi ya Kwanza, namwekea saa mbili na nusu zilezile za mtihani wenyewe. Muda ukiisha simnyang'anyi karatasi. Aiweke chini kalamu ya bluu, achukue ya kijani, aendelee mpaka aseme mwenyewe, "Mwalimu, basi."

Kijana mmoja bluu yake ilimpa alama 47. Dakika 35 za kijani zikamfikisha 66, na swali la vekta alilokuwa ameliacha tupu alilimaliza bila kosa. Mwenzake wa meza hiyohiyo alikuwa na 44. Akaishika kijani, akatazama dari, akairudisha. Kwenye cheti hawa wawili wangekaribiana sana. Mmoja hajui, mwengine hajamaliza.

Alama 100 kwa dakika 150 ni dakika moja na nusu kwa kila alama, humo humo usome, uchore grafu, ufute, ukague. Na kusoma kwenyewe! Swali limeandikwa kwa Kiingereza, na watoto wangu wengi nyumbani ni Kiswahili tangu alfajiri. Yule wa vekta husoma swali mara mbili, namwona midomo ikimcheza, ndipo aanze kukokotoa. Akishalielewa hakosei. Hizo dakika za midomo ndizo zinazomla, na hesabu haimo ndani ya dakika hizo.

Sisemi watu wakae ukumbini mpaka magharibi. Kuna kazi ambazo kasi ni sehemu ya ujuzi, na muuguzi wa chumba cha dharura apimwe kwa saa, sawa kabisa. Lakini karatasi hii inadai kupima hesabu. Tena Baraza la Mitihani lenyewe huwapa muda wa ziada watahiniwa wenye ulemavu, kwa mfano wasioona, na ni haki yao. Maana yake limeshakubali kwamba muda ni kitu kimoja na maarifa ni kingine. Basi wapunguze maswali kidogo, au wote waongezwe nusu saa.

Kijana wangu anaingia mtihani Novemba. Kwa sasa namfunza kuruka maswali, kukisia lipi lina alama za haraka, kuacha kukagua. Ni wiki ya tatu hatujagusa hesabu mpya.